Siku saba Ugiriki? Kisiwa kimoja kinatosha
Ndugu, umeuliza kama siku saba uzigawe kati ya visiwa vya Santorini, Mykonos na Naxos. Aa, utaishia kuburuta mabegi bandarini tu. Kaa Naxos. Feri kubwa kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni safari ya saa tano hivi, panda sitahani upigwe upepo. Asubuhi ogelea ufukwe wa Agios Prokopios, mchana lala kama wenyeji. Siku moja panda basi hadi Apeiranthos, kijiji cha mlimani chenye vichochoro vya marumaru, uagize kahawa ya Kigiriki. Usiikoroge, acha machicha yatuame, na hakuna atakayekufukuza kwenye kiti. Ukiweza nenda Septemba: Julai na Agosti upepo wa meltemi huvuruga ratiba za feri, na vyumba bei juu.