Ndama mwenye uvimbe kooni, na saa za dang'a

Mkuu, pole sana kwa kupoteza ndama. Umesema alizaliwa alfajiri na uvimbe kooni, akachelewa kusimama, akapata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, jioni, siku ya tano akafa kwa kuhara. Sasa unauliza kama yule atakayezaliwa mwezi ujao umchome homoni za tezi ya shingo ili afyonze kingamwili vizuri. Nafuga huku Isyonje, Rungwe, kwenye njia ya Kitulo. Hilo la sindano nakuomba uliache kabisa.

Nami yalinikuta. Julai moja mtamba wangu alizaa usiku wa manane, ukungu umetanda bandani. Nilimtia ndama kidole mdomoni: ulimi wa baridi, na hakuvuta hata kidogo. Nikamwacha na mama yake nikiamini atanyonya akipata nguvu. Kulipokucha bado alikuwa amelala palepale, manyoya mabichi. Hakumaliza wiki mbili, na mpaka leo inaniuma.

Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, hivyo ndama huzaliwa hana kinga na anaitegemea dang'a. Utumbo wake huziruhusu kingamwili kupita zikiwa nzima hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Saa 6 za mwanzo ndizo bora. Zikifika 24, njia imefungwa. Tezi inahusika hapo, kwa sababu homoni zake humsaidia ndama kuzalisha joto. Zikipungua anapoa, anakosa nguvu ya kusimama na kunyonya, huku saa zinakwenda. Tena ndama aliyepigwa na baridi hufyonza taratibu hata akinyweshwa.

Uvimbe ule mara nyingi hutokana na mama kukosa madini joto wakati wa mimba. Nyanda zetu hizi hata watu walisumbuliwa sana na rovu, uvimbe huohuo wa tezi. Kama unamlisha mabaki ya kabichi kwa wingi, punguza, maana yanaizuia tezi kuyatumia madini hayo. Mpe jiwe la kulamba lenye madini joto, ila kwa kipimo: kondoo waliozidishiwa mwishoni mwa mimba, wana wao walishindwa kufyonza kingamwili.

Siku hizi ndama akidondoka tu namsugua kwa gunia kavu mpaka manyoya yasimame, namlaza kwenye nyasi kavu, halafu nakamua. Lita 2 ndani ya saa 2, kwa chupa yenye chuchu, na lita 2 nyingine kabla hajatimiza saa 12 tangu azaliwe. Hiyo ni kwa ndama wa kilo 40 hivi. Dang'a ikipoa, loweka chupa kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia. Ukiichemsha inaganda na kingamwili zinaharibika.

Akipata joto na bado hanyonyi, usimmiminie kwa nguvu, itaingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo ampitishie mpira wa kumnyweshea hadi tumboni, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.