Kabla Hujahesabu Nukuu Zako, Zisome

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefundisha naye saikolojia hapa Kampala alinisubiri nje ya ofisi, ameikumbatia kompyuta yake kifuani. Ni mtu wa Arua, Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani, na tukiwa wawili hatutafuti lugha nyingine. "Shikamoo Mwalimu. Nina h ya 3. Fomu za kupandishwa cheo zinafungwa Ijumaa. Nifanyeje?"

H ni kipimo cha nukuu: mwenye h ya 3 ana makala tatu ambazo kila moja imetajwa katika kazi nyingine mara tatu au zaidi. Nilimkaribisha ndani, tukafungua ukurasa wake wa Google Scholar, mtandao unaoorodhesha kazi za kitaaluma na kuhesabu nukuu zake, tukaanza kupekua. Saa moja haikuisha tukajua h yake haikuwa 3, ilikuwa 5. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna nne katika machapisho tisa. Makala mbili hazikuwa kwenye ukurasa wake kabisa, na nyingine moja ilikuwa imeingia mara mbili, nukuu zake zimegawanyika nusu huku na nusu kule. Alikuwa amekosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya hesabu isiyo yake.

Nimeona niandike, kwa sababu yaliyomkuta yalinikuta mimi kwanza, tena kwa uchungu zaidi. Nilipoomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, niliinakili namba ya nukuu jinsi nilivyoikuta kwenye mtandao, nikatia sahihi. Mjumbe mmoja wa kamati alifungua orodha yenyewe. Katikati ya kazi zangu za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na wakimbizi akakuta makala tatu za ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Mwandishi wake ana jina la ukoo kama langu na herufi ya kwanza kama yangu. Sikuwa nimeziweka mimi. Mfumo uliziongeza wenyewe, kwa kuwa siku ya kufungua ukurasa niliuruhusu uongeze bila kuniuliza. Lakini sahihi ilikuwa yangu. Niliulizwa kama nilikusudia kujitwalia kazi ya mtu mwingine, na ombi langu likasukumwa mbele mwaka mzima. Mwaka ule ulikuwa mrefu.

Kwa hiyo nenda leo kwenye mipangilio ya ukurasa wako, chagua utumiwe barua pepe kwanza kabla makala haijaongezwa. Zilizorudiwa, zichague zote mbili uziunganishe. Zisizo zako zifute hata kama zinakupendezesha. Kisha jisajili ORCID, rejista ya kimataifa ya watafiti, ni bure, inakupa namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukiolewa, hata jarida likikuandika kwa herufi moja tu. Dada zangu mlioanza kuchapisha kwa jina la baba mkaendelea kwa jina la mume, namba hiyo inawahusu kuliko mtu yeyote.

Sasa hiyo h yenyewe. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na unaweza kuikokotoa kwa kalamu. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Zangu wakati ule, baada ya kuwaondoa ng'ombe, zilikuwa hivi: 34, 19, 11, 6, 5, 3, 1. Shuka ukihesabu nafasi; makala inapita ikiwa nukuu zake hazipungui namba ya nafasi yake. Ya kwanza ina nukuu 34, inapita. Ya pili 19, ya tatu 11, ya nne 6, zote zinapita. Ya tano ina nukuu 5, imetosha sawasawa. Ya sita ina 3 tu, haifiki 6. Basi h yangu ni 5. Kile kipimo kingine cha Google, i10, kinahesabu makala zenye nukuu 10 au zaidi, kwangu zilikuwa tatu.

Tazama kilichofichika humo. Ile makala ya nukuu 34 ingekuwa na 340, h yangu ingebaki 5 ileile. Na h haishuki kwa kupita kwa miaka. Mzee aliyeacha utafiti miaka kumi iliyopita h yake ipo palepale au imepanda, wakati msichana aliyemaliza shahada ya uzamivu juzi hana pa kuitoa hata akiwa hodari kiasi gani. Kuwapima wawili hao kwa kijiti kimoja ni kumwonea huyu mdogo. Ndivyo ilivyo pia kumlinganisha mwanasaikolojia na daktari wa malaria: fani zao hazinukuu kwa kasi moja, wala hazina wasomaji sawa.

Tena namba hutegemea umeitoa wapi. Google Scholar huhesabu tasnifu, ripoti, vitabu na chochote kinachofanana na maandishi ya kitaaluma. Scopus na Web of Science, orodha nyingine za kazi za kitaaluma, huhesabu yaliyomo kwenye machapisho waliyoyachagua wao, na majarida mengi ya Afrika hayamo. Mimi Scopus ilinipa h ya 3 siku ileile Google iliponipa 5. Ukiandika namba, andika na chanzo na tarehe. Ukiziacha hizo, aliyekaa upande wa pili wa meza atakisia, na atakisia vibaya.

Mpaka hapa ni usafi wa nyumba tu. Lililonibadilisha ni jambo nililolifanya katika ule mwaka wa kusubiri.

Nilinunua daftari la shule, kubwa, la mistari. Jioni nne mfululizo nilikaa na ile makala yangu ya nukuu 34, nikafungua kila kazi iliyoinukuu, nikatafuta jina langu ndani, nikasoma sentensi iliyolitaja na zile zinazoizunguka. Kwenye daftari nikaandika: nani, wapi, kwa nini.

Makala yenyewe ilihusu PHQ-9, dodoso la maswali tisa linalotumika kupima sonona, alama kuanzia 0 hadi 27. Tulilipeleka kwa wakimbizi wa Kikongo katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kwa tafsiri ya Kiswahili tuliyoikuta tayari. Swali moja lilitumia maneno "kukosa tumaini". Mama mmoja, naikumbuka kanga yake ya kijani, alikuwa ametoka kulia mbele yetu muda huohuo. Alipofikiwa na swali hilo akajibu hapana kwa nguvu: "Mimi niko na Mungu, siwezi kukosa tumaini." Tukaandika sifuri. Wa pili yake naye sifuri, na wa tatu. Jioni msaidizi wangu, mwenyeji wa Bukavu, akanifafanulia kuwa kwa akina mama wale kukiri hivyo ni kukana imani. Tukabadilisha kuwa "moyo mzito" na "mawazo mingi", kwa Kiswahili chao, tukalijaribu upya. Hapo alama zikafanana na machozi tuliyokuwa tukiyaona.

Haya, nukuu 34 za kazi hiyo zilikuwaje? Kumi na mbili walikuwa wameitumia kwelikweli: wamechukua maneno yetu, au wamebishana na njia yetu kwa hoja. Kumi na saba walinitaja katika mnyororo wa majina sita au saba, baada ya sentensi ya kusema sonona ni tatizo kwa wakimbizi, jambo ambalo lingeweza kusemwa bila mimi. Tatu zilikuwa za kwangu na waandishi wenzangu. Na mbili zilinipotosha. Ya kwanza ilisema nimeonyesha kwamba PHQ-9 haifai kwa wakimbizi. Sikusema hivyo, nilisema swali moja lilihitaji maneno mengine. Ya pili ilirudia kosa hilo neno kwa neno, maana yake ilinakili kutoka kwa ya kwanza bila kunisoma. Niliwaandikia wote wawili kwa adabu. Mmoja alijibu, akaomba jarida lake lirekebishe.

Kwenye hesabu, zote 34 ni sawa. Aliyepotosha amenipa moja, aliyetumia amenipa moja.

Na kuna aliyetumia asinipe hata moja. Miaka miwili baadaye nilirudi Nakivale kwa kazi nyingine, nikamkuta mnasihi wa jamii chini ya turubai akiuliza maswali kutoka kwenye karatasi iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pembe zimeshalika. Nikachungulia. "Moyo mzito." "Mawazo mingi." Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, jina letu halipo popote. Niliona furaha ambayo h haijawahi kunipa. Lakini siku hizo nilikuwa nimeshajifunza, hivyo niliomba kwa shirika lake barua inayoeleza wanalitumia tangu lini na wamewafundisha wanasihi wangapi. Barua ile imo kwenye faili langu, na kamati iliisoma. Ombeni barua hizo, ndugu zangu. Ombeni mapema, kabla mradi haujafungwa na waliokujua hawajahamia kwingine.

Nchi hii ina mifano mikubwa kuliko wangu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ambapo watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Kazi hiyo imenukuliwa sana, ndiyo. Ila uzito wake mimi nauona mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa tiba ya vikundi ya aina hiyohiyo ili utumike kwingine.

Na nyuma zaidi kuna mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Alifika Kampala mwaka 1954, akajiunga na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, akawa anatembelea nyumba katika vijiji vya karibu kila baada ya wiki mbili kwa miezi kama tisa, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao 28. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Kamati ya mwaka 1960 ingemhesabia nini kwa kazi ile? Nadharia ya mtoto kushikamana na mlezi, inayofundishwa leo kila chuo chenye saikolojia, ilipata sehemu ya misingi yake kwenye mikeka ya Buganda. Hata hivyo waandishi wengi hukimbilia kitabu cha 1978 kilichotokana na utafiti wa Baltimore. Wanafunzi wangu huwa hawaamini ninapowaambia ni wapi kazi yake hiyo ilianzia.

Kusahauliwa huko kuna gharama kwetu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichapisha ukaguzi wa majarida sita ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akakuta asilimia 68 ya watu waliochunguzwa walitoka Marekani. Anayeandika kuhusu wauza ndizi wa Mbarara anaingia kwenye chumba ambamo mazungumzo yanahusu watu wengine. Nukuu zake chache haziwezi kusomwa kana kwamba zinasema kazi yake ni dhaifu.

Wala nukuu nyingi hazithibitishi ukweli. Mwaka 2015 watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia, na katika marudio hayo ni asilimia 36 tu yaliyopata matokeo yanayokidhi kipimo cha kitakwimu. Mwaka 2021 ukaja uchunguzi mwingine ulioonyesha kwamba makala zilizoshindwa kurudiwa zilikuwa zikinukuliwa zaidi ya zilizofaulu. Ukikaa kwenye kamati, kumbuka hilo unapokutana na namba kubwa.

Kuhusu majarida yanayokutumia barua pepe usiku yakiahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa ada, uyakatae. Kuhusu wenzako wanaokuambia "ninukuu nikunukuu", wakatae pia, hata wakiwa marafiki. Na kiwango cha athari cha jarida (impact factor) usikigeuze kuwa sifa ya makala yako. Hicho ni wastani wa nukuu za jarida zima. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilisema waziwazi kwamba kisitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja, nami nimewahi kulichapa na kulipeleka kikaoni mkononi.

Yule kijana wa Arua tulikaa naye hadi saa mbili usiku, mlinzi akaja kutuuliza kama tunalala humo. Kwenye fomu hakuandika namba peke yake. Aliandika h ya 5, Google Scholar, na tarehe ya siku hiyo. Chini yake akaweka sentensi tatu: makala gani imetumika, na nani, kwa kazi gani. Ya kwanza ilimtaja mwanafunzi wa shahada ya uzamili huko Gulu aliyetumia njia yake ya kuwahoji vijana waliofiwa. Hakuwa akijua kama mtu huyo yupo mpaka jioni ile alipofungua tasnifu na kusoma ukurasa wenyewe.

Ijumaa saa nne asubuhi alinitumia ujumbe kwamba fomu imepokelewa. Baada ya dakika kidogo ukaja wa pili: amempata yule mwanafunzi wa Gulu kwa simu, wanazungumza, na ameshanunua daftari.