Michirizi ya chungwa kwenye picha za Pentax K1000

Ndugu, umeuliza kama michirizi kwenye picha za Pentax K1000 yako, kamera ya filamu, inatokana na shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga. Michirizi ya rangi ya chungwa inayoanzia ukingoni mwa picha, tena si kwenye kila picha, mara nyingi haitokani nalo. Huo ni mwanga unaopenya kwenye mfuniko wa nyuma, hasa upande wa bawaba. Sponji ya kuzibia imeoza, imekuwa kama lami.

Toa filamu. Kwangua sponji kwa kijiti cha meno, si bisibisi, kisha futa ulimbo kwa pamba ya masikio yenye alkoholi kidogo ya isopropili. Inamisha kamera, uchafu udondoke nje. Pazia la shata ni kitambaa chembamba. Usiliguse hata kidogo, maana likipata ule ulimbo litanata. Kwenye mifereji ya juu na chini ambamo mfuniko hujifunga, laza uzi mweusi wa sufu. Bawaba weka sponji nyeusi ya milimita 1.5 hadi 2. Ikizidi, mfuniko utafungika kwa shida.

Sponji inayopokea kioo cha ndani kinaporuka juu unapopiga picha huoza pia. Ukiibadilisha, funika skrini ya kulengea (ile iliyo juu ya kioo, unayoiona ukichungulia) kwa karatasi, kwani alkoholi inaweza kuiharibu.