Kumkanda mtoto njiti mwenye manjano, je, inatosha?

Dada wa Kayole, umeuliza kama shosho (bibi yake) anaweza kumkanda mtoto wako aliyezaliwa kwa mimba ya wiki 33 ili manjano yaishe bila kurudi chini ya taa ya hospitali inayotibu manjano. Kumkanda, sawa. Kuacha taa, hapana.

Kinachomgeuza rangi ni bilirubini, uchafu wa njano unaobaki chembe nyekundu za damu zikivunjika, na njia yake kubwa ya kutoka ni choo. Ini la njiti bado changa, matumbo nayo ni mazito, kwa hiyo choo kikikaa sana ile bilirubini hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Mkono mwepesi tumboni humsaidia apate choo mara nyingi zaidi. Kuna tafiti ndogo zilizoona bilirubini ikishuka zaidi kwa wanaokandwa huku wakiendelea na taa. Huku wakiendelea, umesikia?

Mkandaji awe wewe, baada ya nesi kukuonyesha. Vidole bapa, kuzunguka kitovu kufuata mishale ya saa, wala si akitoka tu kunyonya. Ule mkando wa shosho wa kunyoosha viungo usubiri (namheshimu, lakini ngozi ya njiti huchubuka upesi). Mafuta asipakwe kabla ya taa.

Maziwa ni kila saa 2 hadi 3, hata kama amelala mwamshe. Nguo zilizokaa na naftalini (vile vidonge vya kufukuzia nondo) asivishwe kabisa: akiwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, chembe hizo huvunjika na manjano hupanda ghafla.

Akilegea, akikataa titi au akilia kwa sauti kali isiyo yake, mkimbize hospitali usiku huo huo, kwani bilirubini ikifika kwenye ubongo hudhuru.