Rivolva ya .22 inayogoma kulipua risasi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nyegezi, Mwanza. Nina rivolva ndogo ya .22 LR (Long Rifle, aina ya risasi zake) ya marehemu baba, leseni imeshahamia jina langu. Ni ile ya zamani ya kuvuta nyundo kwa dole gumba kila unapopiga. Kila nikipakia sita, mbili zinagoma. Fundi mmoja ananishauri tuweke springi ngumu zaidi ya nyundo. Je, itasaidia? Na ni salama kuibeba ikiwa imejaa?

JIBU: Marahaba. Springi iache kwanza. Risasi ya .22 haina fataki katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Dawa ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako, na pini hulazimika kuugandamiza ukingo huo dhidi ya chuma cha chemba (tundu la silinda anamokaa risasi) ndipo iwake. Risasi isipozama hadi mwisho, kipigo cha kwanza huishia kuisukuma ndani tu. Kipigo cha pili ndicho kinachoilipua, nawe unabaki ukilaumu springi.

Chukua rangi ya kucha, weka alama 1 hadi 6 kwenye silinda. Piga risasi 30 uwanjani na uandike chemba gani imegoma. Ikigoma ileile kila mara, ugonjwa uko kwenye chemba hiyo. Ikigoma yoyote, shuku risasi, pini au springi.

Risasi ikigoma, usivute nyundo kwenda kwenye inayofuata. Risasi yaweza kuchelewa kuwaka, na ikilipuka silinda ikiwa imeshazunguka, haitazamani tena na mtutu. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Ukisikia mlio mdogo wa "puf", acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata yaweza kuupasua.

Sasa itazame ile iliyogoma. Alama ya pini ikiwa nzito na bado haikuwaka, dawa haikuenea sawasawa ukingoni. Izungushe nusu duara, ijaribu tena. Alama ikiwa hafifu, kipigo ni dhaifu au risasi haikuzama. Bastola za umri huo mara nyingi huwa na la pili, kwa sababu ya masizi. Waliopiga risasi fupi za Short (ganda lake milimita 10.7, la LR ni 15.6) huacha pete ngumu ya masizi na madini ya risasi katikati ya chemba, na ganda refu linagota hapo.

Kusafisha: hakikisha kwa macho kwamba chemba zote ni tupu. Vuta nyundo hadi kituo cha nusu (inaposimama katikati ya safari yake), fungua kigeti cha kupakia, bonyeza kifungo cha mhimili wa silinda, chomoa mhimili, sukuma silinda itoke upande wa kulia. Tia dawa ya kuyeyushia masizi, subiri dakika 15, kisha pitisha brashi ya shaba ya .22 ukianzia nyuma. Risasi idondoke yenyewe hadi ukingo ukae bapa.

Ukiona kidonda kidogo kwenye mdomo wa nyuma wa chemba, hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa akifyatua bastola tupu kwa kujifurahisha. Pini iligonga chuma badala ya ganda. Usipitishe tupa hapo. Fundi wa silaha mwenye kibali (wa mageti na madirisha hahusiki) ana kifaa cha kurudisha chuma mahali pake bila kuipanua chemba. Pini nayo isichongwe ikawa kali, itatoboa ukingo na moto utarudi usoni.

Chemba zikiwa safi na alama bado hafifu kwenye zote sita, badili springi kwa nyingine ya kiwango kilekile cha awali. Ngumu zaidi inakula meno ya nyundo na kifyatulio, na meno hayo yakilika nyundo itaanguka bila kuombwa.

Kubeba: beba tano. Katika muundo wa zamani pini hukaa juu ya ukingo wa risasi, hivyo bastola ikidondoka yaweza kulipuka. Kituo cha nusu si kinga, jino lake huvunjika. Watengenezaji wa bastola Ruger walianza kutumia kipande cha kuzuia mlipuko wa kudondoka mwaka 1973. Yako, kwa maelezo yako, ni ya kabla ya zama hizo. Nyundo ikiwa nusu, pakia moja, ruka moja, pakia nne, vuta hadi mwisho, kisha ishushe taratibu ukiwa umeishika. Itatua juu ya chemba tupu. Thibitisha kwa kutazama ubavuni.

Kwa unyevu wa ziwa, usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, kutu itaanzia hapo. Matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye kitambaa yanatosha kwa nje. Ndani ya chemba futa mpaka pakauke, maana mafuta hupenya kwenye ganda na kuua dawa ya kuwashia.

Na uwanja wa kupigia uwe wenye kibali na tuta la udongo. Miamba ya Mwanza na uso wa maji hurudisha au kurusha kando risasi laini ya .22, nayo ina uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita moja, hadi kwenye mtumbwi ambao hukuuona.