Kocha, nimeshuka kiwango au ni joto la Dar?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 24, nashindana mbio za baiskeli za barabarani, naishi Mbeya. Kifaa nilicho nacho ni saa na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, basi. Nikikaza mwendo huku nyumbani mapigo hufika 165. Mwezi uliopita nilishuka Dar es Salaam kwenye mashindano, nikakaza vilevile, yakapanda hadi 178 na bado nikaachwa. Nimeshuka kiwango? Halafu kuna jamaa ananiuzia pedeli za mtumba zenye kipima nguvu, bei yake inakaribia ya baiskeli yangu nzima. Ninunue? Uzito wangu kilo 62.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa namba hizo pekee siwezi kusema umeshuka, na wewe usijihukumu kwa hizo.

Mapigo ya moyo yanakuonyesha mwili unavyotaabika. Hayakuonyeshi kazi iliyofika kwenye gurudumu. Kule Dar moyo wako ulibeba mizigo miwili kwa pamoja: kupeleka damu kwenye misuli ya miguu, na kupeleka nyingine kwenye ngozi ili mwili upoe. Unyevu wa pwani nao unazuia jasho lisikauke, kwa hiyo unalowa bila kupoa. Ukipungukiwa maji, moyo unaongeza tena mapigo. Wewe umezoea ubaridi wa Mbeya. Zaidi ya hapo, hewa ya pwani ni nzito kuliko ya kwenu mlimani, na mwendesha baiskeli akiwa kwenye tambarare adui yake mkubwa ni hewa. Mwaka 1972 Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alifunga safari hadi Mexico City, juu ya mita 2,200, kwenda kuvunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu kuliko wote unaoendeshwa kwa saa moja. Alifuata hewa nyepesi, akaendesha kilomita 49.431.

Ngoja niseme na jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu liliniumiza. Usipange mazoezi kwa ile hesabu ya kukadiria kilele cha mapigo, 220 kutoa umri. Nilipokuwa na miaka 30 ilinipa mapigo 190 kuwa ndiyo kilele changu. Kilele changu cha kweli, nilichokiona mara nyingi mlimani, kilikuwa 176. Nikaambiwa siku za mazoezi mepesi nisizidi asilimia 80 ya kilele hicho, yaani mapigo 152. Kwangu mimi 152 ni zaidi ya asilimia 86! Nilikuwa najichosha siku za kupumzika, na msimu wote nilifika kwenye mashindano miguu ikiwa imekufa. Watu wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo kumi na zaidi, wote wakiwa wazima.

Sasa namna ya kupima. Nimefundisha fizikia miaka mingi hapa Arusha kabla ya kuwa kocha, na kipimo ninachokiamini hakina betri: mlima. Kilima changu kinaanzia kwenye mkuyu na kuishia kwenye lango la shule, na nimewapima vijana wangu wote pale pale. Mlimani mwendo ni mdogo, hewa haina nguvu sana, kazi kubwa ni kuinua uzito. Hiyo tunaweza kuipigia hesabu.

Wewe kwenu milima imejaa. Chagua mmoja usio na mteremko katikati. Tuseme una urefu wa kilomita 5 na unapanda mita 300, nawe unaumaliza kwa dakika 15, yaani sekunde 900. Kilo zako 62, baiskeli 9, nguo na maji 2: jumla 73. Zidisha 73 kwa 9.81 (ya mvuto wa dunia), kisha kwa 300, gawanya kwa 900. Unapata wati 239, wati ikiwa ndiyo kipimo cha nguvu. Ongeza kama wati 50 za hewa na msuguano wa matairi, inakuwa karibu 290. Gawanya kwa kilo zako 62: wati 4.7 kwa kila kilo. Hizo 50 ni makadirio, lakini ukipima mlima uleule, alfajiri isiyo na upepo, matairi yana upepo uleule, kosa litabaki lilelile na maendeleo yataonekana. Ukipunguza sekunde 30, umeongeza wati 8 hivi.

Kwa nini nagawanya kwa kilo? Mwangalie mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Alipopimwa Uswisi mwaka 2007 aliweza kushikilia wati 420 akiwa na kilo 75.6. Alipopimwa London mwaka 2015, tayari ana ubingwa wa Tour de France mara mbili, alitoa wati 419 akiwa na kilo 69.9. Injini ni ileile, mzigo umepungua. Lakini wewe una kilo 62 tu, tafadhali usiache kula ugali kwa ajili ya hesabu yangu. Kwako kinachotakiwa kupanda ni wati.

Pedeli usinunue sasa. Ni kifaa kizuri, nami ninacho. Kwenye tambarare na upepo hakuna kingine kitakachokuambia ukweli kama hicho. Ila cha mtumba huwezi kujua kama kinapima sawasawa mpaka ukilinganishe na kingine. Jamaa akikubali kukuazima siku moja, panda nacho mlima wako. Kikisoma mbali sana na hesabu yako, mrudishie. Hiyo fedha nunua matairi mazuri, na mashindano yajayo ya Dar ufike siku kumi kabla, uendeshe kila siku kwenye joto, taratibu.

Mkanda wako usiutupe. Panda mlima huo kila baada ya wiki sita, andika muda na mapigo kwenye daftari moja. Muda ukibaki uleule na mapigo yakashuka kutoka 165 hadi 158, niandikie, hapo tutakuwa na la kuzungumza.