Re: Mwanangu ana akili darasani, mbona mtaani anajihatarisha?

Pole dada. Umeuliza inakuwaje kijana wa miaka 15, anayeongoza hesabu, apande bodaboda mshikaki bila helmeti kutoka Mbagala mpaka Kigamboni. Hajarogwa, wala hujashindwa kulea. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupima matokeo na kujizuia, hukomaa mwisho kabisa, kwenye miaka ya ishirini na kitu. Ya hisia na raha huchangamka mapema, tangu balehe.

Wenzake wakiwepo ndiyo balaa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Gardner na Steinberg, waliwapa vijana mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Mbele ya marafiki walijihatarisha zaidi kuliko wakiwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika sana.

Wangu nilimfokea kituoni mbele ya rafiki zake, akanikazia macho tu. Usiku tukimenya viazi, wawili tu, akasema mwenyewe: "Mama, niliogopa, ila ningeshukaje wakiniangalia?"

Ongea naye hapo, akiwa peke yake. Na mruhusu akusingizie: "Maza kapiga simu, naondoka."